Daudi Alihesabu, Danieli Akapimwa

Je, kuhesabu watu ni dhambi? Swali hilo niliulizwa na bibi mmoja wa huku kwetu Ikonge, Nyamira, mlangoni pake, nikiwa nimeshika simu niliyopewa ya kuandikia wote wanaoishi katika boma lake, umri wao, choo wanachotumia, na ni lini mama alijifungua humo mara ya mwisho. Hakukasirika. Alinipa kiti, akakaa naye, akasema, "Mwanangu, Daudi alihesabu watu wakafa elfu sabini. Wewe unahesabu kwa nini?" Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, na siku ya Sabato ni mwalimu wa Shule ya Sabato, kwa hiyo swali lilinishika pande zote mbili. Ningeweza kumjibu kwamba serikali imeagiza. Lakini Yoabu, jemadari wa Daudi aliyeifanya hesabu ile, naye aliagizwa na mfalme.

Kisa chenyewe kiko katika 2 Samweli 24. Yoabu na maakida wake walizunguka nchi miezi tisa na siku ishirini, wakarudi na hesabu ya wanaume wawezao kushika upanga: 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Tauni ikafuata. Wengi tumefundishwa kwamba kosa la Daudi lilikuwa kiburi, nami sipingi. Ila kiburi peke yake hakimalizi jambo, kwa sababu Musa pia alihesabu watu jangwani, tena kwa amri ya Mungu, na kitabu kizima cha Biblia kinaitwa Hesabu. Tofauti naiona katika Kutoka 30. Pale kila anayehesabiwa anatoa nusu shekeli, tajiri asizidishe na maskini asipunguze, na fedha hiyo inaingia katika huduma ya hema ya kukutania, ili pigo lisije. Hesabu ile ilirudi kwa waliohesabiwa, kwa maana ilitunza mahali ambapo kila mmoja wao aliombewa. Hesabu ya Daudi ilikwenda kwa mfalme ikaishia kwa mfalme. Alihesabu panga. Hakuhesabu wajane, wala visima, wala watoto wanaokohoa usiku.

Nilimweleza bibi hivyo, kisha nikamweleza kazi ya kila swali lililomo kwenye simu. Alisikiliza, akajibu yote, hata lile la choo. Nilipoinuka kuaga akaniuliza, "Haya, mlitaka majibu nami nimewapa. Nanyi mtanirudishia jibu lini?"

Kwa mujibu wa mpango, mhamasishaji mmoja hubeba takriban maboma mia moja. Ukigonga milango yote hiyo na watu wakafungua, umebeba deni la maboma mia moja. Na utafiti wa huduma za afya, ule unaouliza kwa nini akina mama hawaendi kliniki, kwa nini dawa hufika na kuisha, kwa nini mgonjwa wa sukari huacha vidonge, unajengwa na majibu ya namna hii ya mlangoni. Wasomi hujadili namna ya kushirikiana na wale watakaoyatumia maarifa hayo kana kwamba ni suala la ratiba na vikao. Mimi naliona kuwa suala la deni, na deni ni jambo la dini.

Sisi Abagusii tumeulizwa mengi. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani, alikaa kwetu tangu 1955 hadi 1957, na mwaka 1966 kikatoka kitabu alichoandika na Barbara LeVine kuhusu jamii ya Nyansongo. Akarudi 1974 hadi 1976 na kundi kubwa lenye madaktari wa watoto ndani yake, akiwemo T. Berry Brazelton, ambaye jina lake lilijulikana kwa wazazi wengi Marekani. Walichunguza jinsi mama Mgusii anavyomlea mtoto mchanga, wakamlinganisha na mama wa Boston. Waliona kwamba mama wa huku humweka mtoto mwilini mwake, humnyonyesha upesi anapolia, lakini hazungumzi naye wala hamtazami machoni kwa muda mrefu kama afanyavyo yule wa Boston. Hawakumhukumu. Walieleza kwamba mahali ambapo watoto hufa mapema, shabaha ya kwanza ya mama ni mtoto aishi na atulie, na kusema kutakuja baadaye, kupitia kaka na dada zake. Naliona hilo kuwa neno la haki juu ya mama zetu. Sarah LeVine naye alitoa mwaka 1979 kitabu kizima kuhusu maisha ya wanawake saba wa Kigusii.

Kitabu kikuu cha malezi kilitoka 1994, kwa Kiingereza. Mtoto aliyepimwa akinyonya mwaka 1975 alikuwa amefikisha umri wa kupiga kura.

Nikieleza kwa nini hilo linaniuma, naomba nisieleweke vibaya. Sina neno na wale watafiti. Leo kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile kila mjamzito hupewa kliniki, kinatuagiza tuwafundishe akina mama wazungumze na mtoto tangu azaliwe, wamtazame, wamwimbie. Nami hufundisha. Na karibu kila mahali ninapofundisha yupo nyanya wa mtoto pembeni anayemwuliza mkazamwana wake, mbele yangu, "Unaongea na mtu asiyejibu?" Mkazamwana huona haya, hunyamaza, na mimi hubaki na kijitabu changu. Kumbe miaka hamsini iliyopita mama zake nyanya huyo walikwisha kutazamwa na kuulizwa juu ya jambo hilohilo. Walikuwa na sababu, na sababu ile iliandikwa kwa uangalifu. Kama ingalirudi Nyamira kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, ikawafikia wauguzi na makanisa, mimi nisingeanza somo na amri. Ningeanza na nyanya: "Magokoro, mlinyamaza kwa sababu mliogopa mtoto atakufa. Mlifanya vyema, wakaishi. Sasa hawa wa leo wana chanjo. Tuwaongezee nini?" Mazungumzo hayo yamechelewa kizazi kizima, na waliochelewa nayo ni watoto.

Majirani zetu wa Gucha wana kisa kingine, nacho kinahusu huduma moja kwa moja. Malaria ya nyanda zetu za juu haikai mwaka mzima. Huja kwa mlipuko baada ya mvua ya masika, Juni na Julai, na huwaangusha hata watu wazima kwa kuwa miili yetu haijaizoea. Shirika la Uingereza liitwalo Merlin lilifanya kazi Gucha mnamo 1999 na 2000, na watafiti, wakiwemo Helen Guyatt na Robert Snow, wakalinganisha njia mbili za kinga. Julai 2000 walikuta kwamba kulala ndani ya chandarua chenye dawa kulipunguza hatari ya maambukizi kwa asilimia 63, na kulala katika chumba kilichopuliziwa dawa ukutani kwa asilimia 75. Tena kupulizia kulikuwa na gharama ndogo zaidi kwa kila mtu aliyekingwa. Huo ni utafiti wa maana, kwa sababu uliuliza swali la mtu mwenye bajeti mkononi: nikiwa na shilingi hizi tu, ninunue nini?

Lakini tazama ukuta wenyewe. Nyumba ya udongo husiribwa, na huku kwetu kazi hiyo ni ya wanawake. Mama yangu alisiriba nyumba yetu kabla ya Krismasi, kabla ya harusi, na kila palipotarajiwa wageni wengi. Alikanyaga udongo kwa miguu, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akaupaka kwa kiganja kuanzia chini kwenda juu, akalainisha kona kwa vidole, na jioni nyumba nzima ilinukia mvua. Dawa iliyopuliziwa juu ya ukuta ule hufunikwa siku udongo mpya unapopakwa. Mbu hutua juu ya udongo mbichi, hana habari na dawa iliyo chini yake. Ofisi inaweza kujua bei ya dawa, mshahara wa wapuliziaji na petroli ya gari. Ni lini ukuta utasiribwa tena, hilo lilijulikana na mama yangu. Jedwali la gharama za kinga ya malaria halikamiliki mpaka mwenye kushika udongo ameketi kwenye meza moja na mwenye kushika kalamu, tena mapema, wakati tarehe za kupulizia bado hazijapangwa.

Ndiyo maana napenda kufundisha Danieli sura ya kwanza kwa namna ambayo washiriki wenzangu hawakuizoea. Sisi Waadventista tunaipenda sura hiyo kwa ajili ya chakula, na ni haki yetu. Ila ndani yake umo utafiti. Danieli na wenzake watatu hawataki chakula cha mfalme. Mkuu wa matowashi anaogopa: vijana hawa wakikonda, kichwa chake kitaanguka. Danieli hamlaumu kwa uoga wake. Anamwendea msimamizi aliye chini ya mkuu huyo na kumpa jaribio: siku kumi, chakula cha mimea na maji, kisha nyuso zetu zilinganishwe na nyuso za vijana wanaokula mezani kwa mfalme, nawe ututendee kadiri utakavyoona. Msimamizi akakubali. Siku kumi zikaisha, nyuso zikatazamwa, na msimamizi akaiondoa ile posho ya mfalme akawapa mimea.

Aliyepimwa ndiye aliyeleta swali, muda, kundi la kulinganisha na kipimo. Aliyekuwa na mamlaka ya kubadilisha chakula alikubali mapema kwamba atafuata jibu. Na jibu lilipopatikana halikuhitaji kusafirishwa popote, kwa kuwa mwenye kulihitaji alikuwepo tangu siku ya kwanza. Linganisha na Daudi: watu waliohesabiwa hawakuulizwa, Yoabu alipinga akapuuzwa, na hesabu haikumlisha mtu yeyote.

Kinachonigusa zaidi ni hofu ya yule mkuu wa matowashi. Watafiti wengi niliowaona wakija huku huwauliza wagonjwa maswali kwa upole, lakini humwona mkuu wa zahanati kama mlango wa kupitia. Hawamwulizi anaogopa nini. Alikuja kijana mmoja wa chuo kikuu, mwenye adabu na bidii, akitaka kujua kwa nini wanawake wengine hujifungulia nyumbani. Karatasi yake ilikuwa na majibu ya kuchagua: umbali, gharama, mila, kutojua umuhimu. Nilimpeleka kwa akina mama baada ya majani chai kupimwa, maana saa nne asubuhi humkuti mwanamke nyumbani, utawakuta wazee tu. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akasema, "Mwanangu, uchungu hunianza usiku. Langu halimo humo." Mwingine akasema anataka maji ya moto ya kuoga akishajifungua, na hayapo. Wa tatu akasema hajui kama lango litafunguliwa. Usiku, lango, maji ya moto: hakuna hata moja lililokuwa kwenye karatasi.

Yule kijana alifanya jambo lililonifurahisha. Alikunja karatasi, akafungua daftari tupu, akauliza, "Kama mngekuwa nyinyi mnaouliza, mngemwuliza nani?" Wakamjibu wangemwuliza mlinzi wa usiku, na muuguzi anayelala peke yake zamu, na mtu wa kaunti anayepanga wauguzi wangapi wawe wapi. Hapo ndipo nilipoona utafiti wa Danieli ukifanyika mbele yangu. Muuguzi aliye peke yake usiku ana sababu ya kuogopa kufungua lango, kama vile mkuu wa matowashi alivyokuwa na sababu. Ukimwandika kuwa kikwazo, umemaliza kazi vibaya. Ukimwuliza hofu yake na kuipeleka kwa anayeweza kumwongezea mwenzake, umeanza kazi.

Sasa kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito, na mzee mmoja wa kanisa aliniambia bila kupepesa: mkiwaketisha watafiti na wakubwa wa afya meza moja, watafiti wataanza kusema yanayowapendeza wakubwa. Ni kweli hatari hiyo ipo, na Biblia inaijua. Katika 1 Wafalme 22 mfalme Ahabu alikuwa na manabii wapatao mia nne, wote wakimwahidi ushindi vitani. Mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, alimwambia ukweli, akapigwa kofi na kufungwa gerezani. Mia nne wale walikuwa washirika wazuri sana wa mtumiaji wa maarifa.

Kwetu Kisii na Nyamira tunao mfano wa kulihitaji neno la Mikaya. Mwaka 2004 Carolyne Njue na Ian Askew wa Population Council walitoa utafiti juu ya ukeketaji wa wasichana miongoni mwa Abagusii. Walionyesha kwamba wazazi wengi walikuwa wamehama kutoka kwa ngariba wa jadi kwenda kwa wahudumu wa afya. Watu walewale tuliowaamini kwa chanjo na uzazi ndio waliokuwa wakikata watoto wetu, kwa malipo, na wazazi wakijifariji kwamba kisu ni safi. Jibu hilo halikumpendeza muuguzi, wala mzazi, wala kanisa lililokuwa likinyamaza. Sheria ya 2011 ilipokuja kupiga marufuku ukeketaji kabisa, iliwabana hata wahudumu wa afya. Kama watafiti wale wangalikubali wahudumu wa afya wawapangie jibu, tungekuwa bado tunasifu usafi wa kisu.

Kwa hiyo naweka mpaka, na naushikilia. Swali tulitunge pamoja. Njia ya kuuliza tukubaliane pamoja. Jibu lirudi kwetu sote, na uamuzi tuufanye wote. Lakini jibu lenyewe hakuna anayekaa mezani aliye na ruhusa ya kuligusa, awe gavana, mfadhili, au sisi wanakijiji tulioudhika. Danieli aliomba siku kumi. Hakuomba nyuso zichorwe. Nami naamini kwamba watu waliotunga swali wenyewe huvumilia jibu chungu kuliko waliotupiwa jibu kutoka mbali. Waliouliza kwa hiari yao wana haya ya kulikataa.

Serikali yetu iliwahi kuwa na chombo kizuri cha kulipia deni hili, nacho kilikuwa ubao. Chini ya mkakati wa afya ya jamii ulioanza mwaka 2006, fomu zetu zilikuwa na nambari: 513 ni rejista ya maboma, 514 daftari la kazi za kila siku, 515 muhtasari, na 516 ni ubao mweusi uliowekwa mahali watu walipopita. Juu yake iliandikwa kwa chaki idadi ya wajawazito, waliojifungulia hospitalini, watoto waliokamilisha chanjo, maboma yenye choo. Kila miezi mitatu watu waliitwa kwenye siku ya mazungumzo, wakasimama mbele ya ubao na kuulizana. Nimewaona wazee ambao hawakusoma zaidi ya darasa la tatu wakikokotoa hapo hapo: vyoo vilikuwa vingapi mwezi ule, sasa ni vingapi, nani hajachimba. Mzee mmoja alichimba choo kwa sababu tu aliweza kuona kwamba namba iliyobaki ilikuwa yake.

Septemba 2023 rais alizindua wahamasishaji 100,000 nchi nzima, tukapewa mikoba yenye vifaa na simu. Posho iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka huohuo ikatutambua. Nashukuru kwa dhati, kwa kuwa miaka mingi tulifanya kazi hii bila hata jina katika sheria. Simu ni nzuri: haipotezi karatasi, na takwimu hufika juu siku hiyohiyo. Lakini simu hupeleka juu tu. Bibi aliyenitajia Daudi haoni kilicho ndani yake, na mahali pengi chaki imeisha na hakuna aliyeagiza nyingine. Tumepata Yoabu mwenye mbio zaidi. Nusu shekeli iko wapi?

Watu wengine wamekwisha kukataa hali hiyo. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa kila mtafiti atakayekuja kwao: heshima, uaminifu, haki, kujali, na kufuata utaratibu. Walikuwa wamechoka kuchukuliwa damu na hadithi zao, kisha kusomwa katika majarida kwa maneno ya kuwadhalilisha. Hapa Kenya sheria ya sayansi ya 2013 inamtaka kila mtafiti awe na leseni, na hilo ni jema, ila leseni humlinda mtafiti mbele ya serikali. Deni la mlangoni linabaki pale pale. Daudi mwenyewe alilielewa mwishoni, alipokwenda kununua uwanja wa kupuria nafaka wa mtu aitwaye Arauna ili ajenge madhabahu. Arauna alitaka kumpa bure, uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu chochote, akalipa shekeli hamsini za fedha. Majibu yetu huwa tunayatoa bure, kama Arauna. Mtafiti mwenye kumcha Mungu asiyapokee bure.

Basi wewe mtafiti unayepanga kuja Ikonge, usije Jumamosi, tuko kanisani. Njoo siku ya kawaida, jioni, majani yakishapimwa. Njoo wakati swali lako bado ni la penseli. Mwite mkuu wa zahanati, na mtu wa idara ya afya ya kaunti mwenye uwezo wa kubadilisha zamu au kununua birika, mkubaliane mbele yetu kwamba jibu likija hivi mtafanya hivi. Katika bajeti yako andika nauli ya kurudi, na chaki. Nanyi ndugu zangu wa mabomani, msikatae kuhesabiwa. Yeyote akija na karatasi au simu, mpeni kiti, mjibuni ukweli, kisha mwulizeni jina lake, ametumwa na nani, na ni mwezi gani atarudi na jibu. Mwezi huo uandikwe ubaoni.